Mama Usikanyage na Kaka wa Ng'ambo

Pale mjini hakuna aliyemjua kwa jina lingine. Mama Usikanyage, basi. Ndiye aliyetunza bustani ya kando ya mto, na kuanzia asubuhi mpaka jioni neno lake lilikuwa hilo hilo, maana watu wale, jamani, miguu yao haisikii! Mashua ya kuvusha abiria ilitia gati huku, kituo cha mabasi kiko kule, na katikati zimelala nyasi zake. Njia ya matofali ilizunguka vizuri tu. Nani aifuate? Mtu anashuka mashuani, anasikia basi linanguruma, mbio juu ya nyasi! Halafu Jumapili huyo huyo anakuja na watoto na mkeka kupumzika, anauliza mbona nyasi zimekufa. Si wazimu huo?

Siku hiyo roho yake ilikuwa juu zaidi. Kaka yake, ndugu pekee aliyebaki naye, alikuwa anahamia kwa mwanawe, mbali huko, na angepita mjini kubadilisha treni tu. Hawakuwa wameonana tangu walipomzika mama yao, miaka imepita. Akimkosa leo, kwa umri ule, atamwona wapi tena? Alfajiri alimpigia simu: "Kaka, ukishuka usihangaike. Nisubiri hapo ng'ambo, nakufuata mwenyewe." Stesheni ilikuwa ng'ambo ya mto. Kwa mtu anayeshinda bustanini, ng'ambo ni moja tu duniani.

Lakini msimamizi naye, kama ametumwa, akachagua siku hiyo hiyo kumganda. Maua yamwagiliwe kwanza. Mabenchi yaoshwe. Treni ilishapiga honi na kuingia, yeye bado ameshika mpira wa maji, anasonya. Alipoachiwa hakuvua hata kofia yake pana wala kitambaa cha kuzuia vumbi puani. Akakata mbio kuelekea daraja la waenda kwa miguu.

Hapo ndipo alipomwona mzee mmoja, mwembamba, koti linampwaya, kasimama na begi lake katikati kabisa ya nyasi, anaangaza macho huku na huku.

"Wewe mzee! Kibao hukioni? Usikanyage!"

"Samahani mama, namtafuta..."

"Mtafute ukiwa kwenye matofali! Mtu mzima ovyo!"

Mzee akatoka taratibu, akiangalia anapoweka miguu. Mama Usikanyage hakungoja. Alilivuka daraja huku akihema na kulaani: aliyejenga daraja mbali na stesheni, msimamizi, na miguu yote ya mji ule.

Stesheni akatafuta mtu mnene. Kaka yake aliitwa Pipa tangu utotoni, na jina lilimkaa sawasawa. Akachungulia kila benchi, akazunguka mpaka nyuma ya choo. Hakuna Pipa. Akapiga simu.

"Kaka, uko wapi?"

"Niko ng'ambo, kama ulivyosema."

"Ng'ambo ipi? Mimi ndiyo niko ng'ambo!"

"Nimeshuka, nikauliza ng'ambo, wakanipandisha mashua. Nipo bustanini."

"Kaka! Ng'ambo ni stesheni!"

"Mtu yuko stesheni, stesheni itakuwaje ng'ambo? Wewe tangu mdogo hujui kuelekeza. Njoo basi, muda unakwisha. Kuna mama mmoja hapa, mkali huyo, kanifukuza kwenye nyasi kama mbuzi! Anagomba kama marehemu mama."

Koti lile! Ndilo kaka yake alilovaa makaburini, likambana tumbo hata vifungo vikakataa.

Akarudi mbio, akilia, asijali anayemtazama. Alimkuta palepale alipomfukuzia, kwenye matofali, begi mkononi. Akavua kofia, akashusha kitambaa.

Kaka yake akamtazama, kisha akatazama kibao. "Kumbe ni wewe?"

"Mbona hukuniambia unaumwa?" akafoka. "Unakonda hivi, unanyamaza! Ningekujuaje?"

"Sukari, mdogo wangu. Ningekuambia, ungenifokea."

"Ningekufokea, ndiyo!" Akamkumbatia, na mikono yake ikamzunguka kaka yake mpaka ikakutana mgongoni. Haikuwahi kukutana hivyo hata siku moja.

Upande wa pili honi ya treni atakayopanda kaka yake ikalia mara ya kwanza. Mashua ya kumrudisha ilikuwa bado inapakia, basi kidogo wangeweza kukaa. Mabenchi yote yalikuwa yamelowa, ameyaosha mwenyewe. Akamshika kaka yake mkono, akamvuta kuelekea katikati ya bustani. Mzee akagoma ukingoni mwa matofali, mguu mmoja hewani.

"Wenyewe hawataki," akasema.

"Kanyaga, kaka," akamjibu. "Kanyaga tu."