Fito za Molibdeni za Mama Msubu Chuma

Kazi yangu ni kutoa mizigo ya watu forodhani. Ofisi yangu ni chumba kimoja mjini Morogoro, na wateja wangu wengi huagiza vitu nilivyovizoea: vipuri vya trekta, pampu za maji, mbegu. Kwa hiyo mama mwenye karakana pale Mafiga aliponiambia ameagiza molibdeni, nilimwomba arudie.

“Molibdeni,” akasema. “Ni metali. Unachanganya kidogo tu kwenye chuma, kinakuwa kigumu lakini hakivunjiki ovyo.”

Sifa zake nilizisikia kabla ya kumwona. Ni Mluguru wa Mgeta, binti wa wakulima wa kabichi, aliyesomea ufundi kisha akafungua karakana ya kusubu, yaani kuyeyusha chuma na kukimimina kwenye kalibu. Watu wa kijiji kimoja cha misheni kule milimani walikuwa wamemletea gurudumu la mtambo wao wa umeme unaozungushwa na maji ya mto. Kila masika mto hushuka na mchanga, na mchanga ulikuwa umelitafuna gurudumu lile hadi likaisha makali na nguvu. Zahanati ilikuwa haina taa, wakunga wakizalisha kwa mwanga wa simu. Mama yule akawaambia atalisubu jipya hapa hapa mjini, kwa chuma kitakachouweza mchanga.

Mzigo ulipofika Dar es Salaam, ukakwama. Hati za muuzaji zilisema “fito za molibdeni”, basi. Mimi kwenye fomu ya forodha nilizitaja kuwa metali isiyofuliwa, yaani ghafi. Afisa wa forodha, kijana mtaratibu, aliona neno fito akaamini zimeshafanyiwa kazi kiwandani. Kwenye kitabu cha forodha hayo ni mafungu mawili. Fito zilizotengenezwa kwa kushindilia unga wa metali na kuuoka tu mpaka ushikane, huhesabiwa kuwa bado hazijafuliwa. Zikishapitishwa kwenye mashine za kuzikandamiza na kuzivuta, zinahamia fungu jingine.

Nilimpigia mama simu nikiwa huko Dar. Nikamweleza kwamba tukikubali fungu la afisa, huenda mzigo ukatoka mapema.

“Kwani zimevutwa?” akauliza.

“Hapana, mama. Wewe ndiye uliyeniambia zimeokwa tu.”

“Sasa tuseme uongo kwa sababu ya haraka? Sitaki mzigo wangu uingie nchini kwa jina lisilo lake. Nakuja.”

Kesho yake nikampokea kwenye lango la ghala la forodha, kitenge kiunoni na buti za kazi miguuni. Afisa akamwamkia, “Shikamoo, mama.”

“Marahaba, baba. Naomba nyundo.”

“Nyundo ya nini?”

“Nivunje fito moja uone ndani.”

Afisa akanitazama mimi, kisha akamtazama mama. “Mama, hii ni mali yako. Ukiiharibu, usije ukatudai.”

Mama akacheka. “Nitaivunja hata nikifika nyumbani. Itaingia kwenye chuma cha moto, imezwe humo kama sukari kwenye chai. Tofauti ni kwamba leo utaniona.”

Alilaza fito juu ya vipande viwili vya chuma, akamwomba kila mtu asogee, akapiga. Ikakatika kwa mlio mkavu. Mahali ilipovunjika palikuwa na chembe chembe za kijivu, kama sukari guru iliyomeguliwa. Akamwonyesha afisa kwa kidole: ingekuwa imevutwa, ingeonyesha nyuzi zilizolala upande mmoja, kama ukuni uliopasuliwa.

Afisa aliigeuza geuza. “Nimeona, mama, na nakuelewa. Lakini macho yangu si maabara. Naomba nipeleke kipande kikapimwe.”

Nilidhani mama atakasirika, baada ya safari yote ile. Yeye akamkabidhi vipande vyote viwili. “Peleka. Mtu akiniamini kwa maneno matupu, kesho atamwamini na mwongo.”

Nimefanya kazi na mawakala, wafanyabiashara na maafisa wa kila namna. Sijawahi kuona watu wawili wakibishana kwa heshima kama ile. Majibu ya maabara yaliporudi, yalisema metali haijafuliwa, na afisa mwenyewe akanipigia kunijulisha kuwa mzigo umeruhusiwa.

Kule karakanani, gurudumu la kwanza lilitoka na vitundu vya mapovu ya hewa. Nilikuwepo, na roho iliniuma kuliko mwenye kazi. Mama aliinama akalikagua, akasema mchanga wa kalibu ulikuwa na unyevu, akaamuru likatwe vipande na kurudishwa kwenye tanuri. La pili lilitoka safi.

Tulilipandisha Mgeta kwa lori lililokuwa linafuata kabichi. Barabara ilipoishia, wanaume wa kijiji walilibeba kwa miti, wakishuka njia ya mteremko hadi kwenye mtambo. Lilipokwisha kufungwa, maji yakafunguliwa. Punde tukasikia vigelegele kutoka zahanati: taa ya chumba cha kujifungulia imewaka. Watu wakakimbilia huko, na mimi nikageuka nimpe mama mkono wa pongezi.

Alikuwa amepiga magoti, sikio karibu na mtambo, macho ameyafumba, anasikiliza. Akanyoosha mkono bila kufumbua.

“Nipe spana,” akasema. “Kuna nati moja haijakaza.”