Hoja ya Nne

Insha ya kwanza Bi Pambizo aliipitisha. Ya pili akaisoma, akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya mtandio, akaivaa tena. Alipofika ya saba aliifunika kalamu yake nyekundu, akailaza mezani, akabaki kutazama ratiba ya vipindi ukutani. Mimi nilikuwa upande wa pili wa meza nasahihisha milinganyo, na kwa vile tumekaa meza moja miaka kumi na tisa, nilijua hapa kuna jambo. Bi Pambizo haachi insha katikati. Huyu mwanamke aliwahi kusahihisha akiwa na dripu mkononi.

Jina hilo alipewa na wanafunzi. Siku ya kwanza ya kila mwaka huwaamuru wapige mstari wa pambizo, vidole viwili kutoka ukingoni, na kuwaambia kwamba hapo pembeni ndipo msomaji anapokaa. Kitabu kisichokuwa na penseli pembeni, kwake yeye, hakijasomwa. Nilikuwa nikimtania: "Mwalimu, sisi kwenye hisabati jibu ni moja tu. Nyie mnahangaika na nini?" Naye hakuwa mtu wa kuachwa na deni la maneno. "Ndiyo maana wanafunzi wako wanasinzia," atanijibu, bila hata kuinua macho.

Kulikuwa na tamthilia moja kongwe aliyoifundisha miaka ishirini na sita kwa nakala ileile, jalada lake limeshikiliwa na gundi ya karatasi. Mimi nilikuwa sijaisoma, nilikuwa naisikia tu kupitia ukuta wa darasa. Ndugu wawili wanagombea mji. Katika onyesho la tatu wanamtaka mama yao aseme yuko upande wa nani, na mama anakaa kimya kurasa nne nzima. Kila mwaka Bi Pambizo huwauliza vijana wa kidato cha mwisho: kwa nini mama ananyamaza? Na kila mwaka hawapi jibu. "Mwandishi hakusema. Rudi usome, uniambie wewe unaona nini, na unionyeshe umekiona ukurasa wa ngapi." Wanafunzi walilalamika. Wazazi wakaja juu. Mkuu wa shule aliwahi kumwita ofisini na kumbembeleza atoe majibu kama walimu wengine, naye akatoka humo na msimamo alioingia nao.

Basi nikamuuliza kulikoni. Akanisukumia zile insha saba. "Soma hoja ya nne."

Nikasoma. Mama ananyamaza kwa sababu mtoto wake wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufa, wakamfunika na kumwondoa, naye hakupewa nafasi ya kumshika. Insha ya pili vilevile. Ya tatu vilevile, ila mwenye nayo alisahau kuweka nukta. Zote saba, maneno hayohayo kwa mpangilio huohuo.

"Wamenakiliana hawa," nikasema. "Wape sufuri twende tukale."

"Kitabuni hayumo."

"Nani hayumo?"

"Huyo mtoto. Kitabuni hakuna mtoto wa kwanza. Ni wangu."

Aliona sijaelewa, akanieleza kwa sauti ileile anayoitia majina ya mahudhurio. Alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Mtoto wa kiume. Walimfunika, wakatoka naye, yeye akabaki kitandani anatazama mlango. Hakupata mwingine. Baada ya mwezi hakuna aliyemuuliza tena habari hiyo, hata mume wake. Mwaka uliofuata alikuwa nyumbani anaandaa somo, akafika onyesho la tatu, akachukua penseli na kuandika pembeni. Hakuwa anachambua. Alikuwa anaongea na yule mama kama unavyoongea na jirani aliyefikwa na lililokufika.

Miaka kumi na tisa meza moja, na mimi kazi yangu kutania. Niliona aibu.

Akamwita kiongozi wa darasa, akamuuliza hoja hizi wamezitoa wapi. Binti wa watu akaleta kijitabu chenye jalada la kung'aa: mwongozo wa tamthilia ile, maswali na majibu. Mkuu wa shule alikuwa amewanunulia kidato kizima. Na mwandishi wake, jina kamili na cheo mbele, alikuwa Wino.

Wino tulimpa jina hilo akiwa mwanafunzi wetu, kwa kalamu zake zilizovuja kwenye mfuko wa shati kila wiki. Bi Pambizo ndiye aliyemtoa mbali. Aliwahi kumrudishia insha moja mara kumi na moja. Alipomaliza chuo alimtetea mbele ya bodi mpaka akaajiriwa, na sasa anafundisha fasihi darasa linalotazamana na lake. Humwita Mama, na hamwiti hivyo kwa heshima ya kawaida tu. Siku za mapumziko alikuwa akienda kula kwake bila kualikwa. Mtu akimuuliza Bi Pambizo atastaafu lini, alikuwa akimnyooshea Wino kidole: "Huyo akiiva, mimi naondoka."

Sasa hapa itabidi niseme jambo ambalo nimelikalia muda mrefu. Mwaka jana Bi Pambizo alilazwa wiki tatu kwa presha. Kitabu chake alikuwa amekiweka kwenye kabati letu, mimi nikasukuma mlango ukafunga. Akanikabidhi ufunguo, na kabati hilo halina ufunguo wa pili. "Usimfungulie mtu," akaniambia. "Hata mkuu." Siku ya nne akaja Wino, anacheka, amepewa vipindi vyake. "Mzee, nataka kitabu tu, nione Mama anafundishaje. Kwani Mama anaweza kuninyima mimi?" Nilikuwa na rundo la mitihani mbele yangu na chai inapoa. Nikampa ufunguo ili anipishe. Kitabu na ufunguo alivirudisha baada ya siku mbili, na ufunguo Bi Pambizo hakuniomba tena, na siwezi kukudanganya kwamba nililifikiria tena jambo hilo. Kumbe simu yake ilikuwa imepiga picha kila ukurasa.

Alipoitwa alikuja na tabasamu na nakala mkononi, amekwisha kuitia sahihi. "Mama! Nilitaka nikuletee mwenyewe, wamenitangulia. Hebu fungua ukurasa wa shukrani kwanza."

"Hoja ya nne umeitoa wapi?"

"Kwako, Mama. Ile ndiyo kali kuliko zote. Mimi kichwa changu kisingefika huko."

"Kitabuni iko ukurasa wa ngapi?"

Wino akasita. "Moja kwa moja haipo. Lakini nilijua wewe umeona kitu. Wewe huandiki ovyo."

"Miaka minne nilikufundisha kuuliza ukurasa wa ngapi." Nilisubiri amwambie mtoto yule ni wa nani. Hakumwambia. Akauliza lingine: "Kitabu changu ulikipataje?"

Wino akanitupia jicho, mara moja tu. Alikuwa amenihurumia, na huruma yake ndiyo iliyonimaliza. "Ulikiacha mezani, Mama. Siku ile kabla hujalazwa."

Bi Pambizo akanigeukia. "Nilikiacha mezani?"

Neno lilikuwa moja tu, na nilikuwa nalo mdomoni. Nikazipanga karatasi zangu ambazo tayari zilikuwa zimepangika.

"Labda," akajijibu mwenyewe. "Siku zile kichwa kilikuwa kinazunguka." Akamwambia Wino aende, kipindi chake kilikuwa kimeanza.

Kwa mkuu wa shule hatukupoteza muda. "Mwalimu, hoja imo kwenye mwongozo, na mwongozo tumeununua. Ukiwanyima alama wazazi watanila mzima. Toa alama." Bi Pambizo akarudi mezani akatoa. Insha zilikuwa arobaini na sita. Kwenye kila moja alifika hoja ya nne, akaweka alama ya vema, akaandika mbili pembeni, akaendelea na ya tano. Mimi nilimjumlishia jumla bila kuombwa. Naona nilidhani nalipa kitu.

Wiki iliyofuata alihamia meza ya dirishani, kwa mwalimu wa biolojia. Alisema huko kuna mwanga. Aliomba pia aondolewe kidato cha mwisho apewe watoto wa kidato cha kwanza, awafundishe kuandika barua. Kidato cha mwisho kikaenda kwa Wino, ambaye bado anamwita Mama kila asubuhi, naye anaitikia. Nilijiambia mambo yamepoa. Mtu akitaka kujidanganya hakosi ushahidi.

Kisha siku moja nikakuta kile kitabu kimewekwa upande wangu wa meza. "Hujawahi kukisoma," aliniambia kutoka dirishani. "Kisome."

Nilikisoma siku tatu, mimi mtu wa namba, nikisogeza kidole chini ya mistari. Nilipofika onyesho la tatu, pale mama anapoanza kunyamaza, nilikuta pembeni pamefutwa kwa ufutio mpaka karatasi imeota manyoya. Chini yake kulikuwa na mwandiko mpya wa penseli, mdogo, uliosimama wima: *Kabati lina ufunguo mmoja.*

Asubuhi yake nilikwenda dirishani na ufunguo mkononi. Mwalimu wa biolojia akaniona uso, akajifanya ana kipindi. "Ni mimi niliyemfungulia," nikasema. "Kitabu hakikuwa mezani."

"Najua."

"Tangu lini?"

"Siku nane baada ya pale." Alikuwa anasahihisha barua za watoto na hakuiacha kalamu. "Hizo siku nane nilirudi hospitali mara mbili. Nilimwambia daktari kwamba naanza kusahau, kwamba naacha vitu mezani na sikumbuki. Akanipima kichwa. Halafu nikakumbuka kwamba nilikukabidhi ufunguo huku kitabu kikiwa ndani, na wewe ndiye uliyesukuma mlango wa kabati ukafunga."

Nikasema alikuwa mgonjwa, sikutaka kumwongezea presha. Nilisikia jinsi maneno hayo yalivyo mepesi wakati bado yananitoka.

"Wino ni mtoto, na alichukua alichokiona," akasema. "Nilimlea hivyo, akiona kitu kizuri kitabuni akinukuu. Lakini wewe nilikugeukia nikakuuliza. Ukaniacha nidhani nimeharibikiwa akili."

Kengele ikalia, korido ikajaa kelele za watoto, na mimi bado nimesimama. Mwishowe akanyoosha mkono, nikampa ufunguo, akauweka kwenye mkoba wake na kuvuta barua iliyofuata.