Siku Niliyosahihisha Masikio

Chekeni tu, maana mimi nilishachekwa na Butembo nzima, kwa hiyo hata ninyi mkianza sasa hamtaniongezea kitu. Leo mnaniona na mvi hizi mnanisalimia "Monsieur" kwa heshima, lakini wako wazee mjini hapa ambao tukikutana njiani bado wanayafunika masikio yao kwa mikono, na mimi nacheka nao napita, kwa sababu najua kosa lilikuwa langu na walionisamehe ndio hao hao.

Ilikuwa miaka ile baada ya indépendance, uhuru wetu. Wazungu waliokuwa wakifundisha darasa la sita walikuwa wameondoka, waasi walikuwa wamepita upande wa Beni na watu wakakimbilia kwetu na mizigo kichwani, na mimi, mtoto wa Alimbongo, mlima viazi mwana wa mlima viazi, nikajikuta mwalimu wa darasa la sita hata ndevu hazijanitoka vizuri. Kulipotulia kidogo tukaitwa Beni, walimu wote wa darasa hilo, kumsikiliza inspecteur mpya, mkaguzi wa shule, Monsieur Kabeya, aliyetumwa kutoka Kasai. Akatueleza kwamba mtihani wa rédaction, yaani insha, wa kwenda sekondari hautasahihishwa tena kwa jicho la mwalimu (huyu namwona mwerevu, mpe nane, huyu baba yake hanisalimii, mpe tano), bali kwa karatasi moja kwa wote, aliyoiita grille: jedwali lenye safu nne, kila safu alama kumi. Mawazo, mpangilio, orthographe (yaani tahajia), propreté.

Alisema Kifaransa cha mbio, kile cha watu waliosoma mbali, nami nikashika robo yake. Mwisho akauliza kama kuna swali. Sasa sikilizeni, mambo yote yalianzia hapo: mimi ndiye niliyekuwa na viatu vinavyong'aa kuliko wote, nimekaa mbele kabisa, nikaona mtu wa viatu kama vile hawezi kuonekana anauliza, nikajibu kwa sauti kubwa kwamba nimeelewa, "Compris, Monsieur l'inspecteur." Akafurahi, akaandika jina langu. Tuliporudi, walimu wawili wa shule za jirani wakaniuliza hiyo propreté inasahihishwa vipi, nikawaeleza kama mtu aliyeitunga mwenyewe.

Na propreté, usafi, shuleni kwetu mnaijua. Kila asubuhi watoto wanapanga mstari, wananyoosha mikono, mwalimu anatazama kucha, anakunja masikio aone nyuma, anainama kutafuta funza miguuni. Nyingine hatukuijua. Kwa hiyo nikawatangazia wazazi kwamba mwaka huu serikali inatoa alama kumi kwa usafi wa mtoto. Jamani, sabuni iliisha sokoni. Watoto walisuguliwa kwa mawe ya mtoni wakalia, na mmoja alikuja na tai ya mjomba wake iliyomfika magotini. Siku ya mtihani niliwapanga mlangoni, nikakunja sikio baada ya sikio, nikaijaza safu ya nne kabla hawajaandika neno hata moja (na moyoni nikajisifu kwamba mwalimu mwenye bidii humaliza robo ya kazi asubuhi).

Katika mstari huo alikuwamo Katungu. Yeye na mama yake walikimbia kutoka Bungulu, kule Beni, kwa miguu, na hapa Butembo mama alikuwa anakamua ndizi za kasiksi, ile pombe yetu, binti akimsaidia kumenya kabla ya kuja shuleni. Nguo yake ilikuwa hiyo moja, ina madoa meusi kifuani, na mikono yake nayo ilikuwa myeusi. Sikuwa na mwanafunzi aliyemshinda, nilijua hivyo, lakini nikajiambia grille haina upendeleo, nikampa sifuri. Akaitazama mikono yake, akaingia kukaa.

Nafasi za sekondari kwa shule yetu zilikuwa kumi na mbili. Nilipojumlisha alama, Katungu akawa wa kumi na tatu.

Matokeo yalisomwa uani mwa parokia baada ya misa, wazazi wamejaa, na inspecteur mwenyewe amekuja kuona grille yake ilivyofanya kazi. Wa kwanza alikuwa Désiré, mtoto wa mwuza samaki mkubwa aliyeleta samaki kutoka Kyavinyonge. Inspecteur akaiomba karatasi yake awaonyeshe watu mfano, akainyanyua juu, na wote tukaona: doa la mawese kubwa kama sahani, wino umemwagika pembeni, na maneno yamefutwa kwa mate hadi pakatoboka.

"Huyu alipata kumi ya propreté namna gani?"

Na mimi, kwa sauti ile ile ya Beni, nikajibu, "Monsieur l'inspecteur, mumuangalie mwenyewe. Iko na soksi."

Watu walicheka, yeye hakucheka. Akaniuliza polepole soksi zinaingia wapi katika rédaction. Nikaanza kumweleza habari za kucha, za masikio, za funza, na katikati ya masikio nikaelewa, mbele ya umati wote ule, kwamba propreté aliyoitaka ilikuwa ya karatasi. Ya karatasi tu! Wale walimu wawili niliowafundisha walikuwa wanarudi nyuma kidogo kidogo hadi migongo yao ikagusa ukuta wa kanisa.

Inspecteur akataka kuiona karatasi yenye sifuri. Nikampa ya Katungu. Ilikuwa nyeupe, mistari imenyooka, haina doa hata moja (baadaye mtoto mwenyewe aliniambia kwamba alikuwa ameweka kipande cha jani la mgomba chini ya mkono, ili weusi wa ndizi usiguse karatasi). Pale ndipo mama yake aliposimama katikati ya watu. Hakuwa na hasira, alisema kama anayemweleza mtoto.

"Ile ya robe hapana buchafu, Monsieur. Ninaifulaka kila siku. Ni maji ya ndizi, haitokake."

Nami nikalia, mwalimu mzima, mbele ya wanafunzi wangu. Miaka ile mtu aliyeharibu mtihani wa serikali alirudishwa kwao kulima, na nilishaanza kuviona viazi vya baba yangu vinaningoja. Lakini Monsieur Kabeya, mtu mgeni, asiye na ndugu hata mmoja hapa, akawageukia wazazi.

"Mimi nilisema mbio, na yeye hakuuliza. Donc kosa ni ya sisi wawili. Tunaanza tena, sasa hivi, hapa."

Zikaletwa meza na viti, tukakaa yeye na mimi, tukasahihisha upya safu ya nne, karatasi moja moja, wazazi wamesimama juu ya vichwa vyetu. Katungu akatoka wa kumi na tatu akawa wa kwanza. Désiré akashuka hadi wa kumi na mbili, akaponea kwenye ukucha (na kucha zake, lazima niseme, zilikuwa safi kweli).

Kesho yake nikaenda kuomba msamaha. Mama Katungu hakutaka hotuba, alinisogezea kigoda na mkungu wa ndizi, tukamenya. Tulipomaliza nikanawa kwa sabuni, kwa majivu, kwa limau, mikono ikabaki myeusi vile vile. Mama akamwita binti yake.

"Katungu, kuya. Angalia mikono ya Monsieur, umupatie points."

Akaja, akaigeuza mikono yangu juu na chini, akanikunja sikio akatazama nyuma, taratibu, kama nilivyokuwa nikiwafanyia wao.

"Kumi," akasema.

Tangu siku hiyo sijasema "compris" kabla ya kuuliza mara mbili, hata kanisani. Kuuliza si ujinga. Na ile kumi sikuistahili, ninajua, lakini niliipokea, na mpaka leo sijapata alama iliyonifaa kuliko hiyo.