Ndoo Zilizoonekana Kwenye Kioo

Saa moja kasoro robo asubuhi, choo cha wanawake, ghorofa ya tano. Mwanamke wa miaka arobaini na mitatu ameegemeza simu kwenye chupa ya sabuni. Anakinyunyizia kioo maji, kisha anakifuta kutoka juu hadi chini bila kunyanyua kitambaa. Simu inarekodi mikono tu. Uso hauonyeshi, wake wala wa mtu mwingine. Hiyo ndiyo sheria yake tangu siku ya kwanza.

"Ukinyanyua kitambaa katikati, umeacha mstari," anaiambia simu. "Na bosi ataona huo mstari. Ukuta mzima unaong'aa hatauona."

Wanaomfuata mtandaoni wanamwita Mama Kioo. Kwa miaka mitatu ameandika na kurekodi siku zake za kazi: namna ya kutoa wino mezani, harufu ya dawa ya choo inayogoma kutoka vidoleni, na yule mtu anayetupa maganda chini huku pipa linamtazama. Wafuasi wake walikuwa mia mbili na kumi na wawili, wengi wao wasafishaji kama yeye. Walitaniana kama majirani.

"Mama Kioo, mume wangu amekuwa doa sugu, nimfanyeje?" aliuliza mmoja.

"Mloweke kwanza. Akigoma, msugue kwa brashi ya choo."

Hivyo ndivyo mambo yalivyokuwa hadi Jumanne ya wiki iliyopita. Siku hiyo alirekodi saa ya chakula cha mchana kwa sababu mwanga wa dirishani ulikuwa mzuri. Mikono, kitambaa, kioo. Aliitazama video mara moja, akairusha mtandaoni. Alikuwa amekifuta kioo kile vizuri mno. Ndani yake walionekana wenzake wawili wamekaa juu ya ndoo zilizopinduliwa, mabakuli mapajani, wakila kando ya milango ya vyoo.

"Sikuona cha kuficha," anasema. "Miaka tisa nakula pale pale. Wewe ukiingia chumbani kwako unashangaa kuona kitanda?"

Watu walishangaa. Kufikia jioni video ilikuwa imetazamwa mara elfu arobaini, na hakuna aliyeuliza habari za kitambaa. Wote waliuliza jambo moja: hao wanakula chooni?

Ndiyo, wanakula chooni. Jengo hili lilipofunguliwa miaka kumi na moja iliyopita, magazeti, hili likiwemo, yaliandika idadi ya lifti, uzuri wa marumaru na rangi ya utepe uliokatwa. Habari ile bado ipo kwenye makabati yetu. Ina ghorofa kumi na nne na vyumba tisa vya mikutano. Haina neno hata moja kuhusu mahali watakapokaa kula watu kumi na tisa wanaolisafisha. Miaka minne iliyopita watu hao waliandika barua kuomba chumba. Wakajibiwa kwamba suala lao linashughulikiwa. Linashughulikiwa hadi leo.

Mshahara wa Mama Kioo wa mwezi mzima haununui kiti kimoja cha chumba cha mikutano. Bei ya kiti aliisoma kwenye boksi alilopewa akalitupe.

Alhamisi iliyopita msimamizi alimwita ofisini na kumwekea karatasi mezani. Afute video, aandike kwamba yalikuwa maigizo, atie sahihi. Asiposaini kufikia Ijumaa hii, mkataba wake hautaongezwa.

"Dada, ni sentensi moja tu," alimbembeleza. "Sema mlikuwa mnaigiza, yaishe."

"Miaka tisa tunaigiza, bosi? Hata waigizaji hupewa mapumziko."

Video aliifuta siku hiyo hiyo, lakini si kwa ajili ya msimamizi. Alipotoka ofisini alimkuta mmoja wa wale wawili wa kwenye ndoo, Mama Pacha, anamsubiri kwenye ngazi, macho mekundu.

"Ulisema mikono tu, shoga! Uso wangu ulikukosea nini?" alimwambia. "Wanangu wameniona na kijiko mdomoni, mlango wa choo huu hapa! Mimi niliwaambia kazini tuna kantini!"

Mama Kioo hakujitetea. Aliifuta video palepale, Mama Pacha akitazama, akamwomba radhi.

"Kwake nilikosa," anasema, akikamua kitambaa kwa nguvu. "Ofisini sikukosa. Kusema ni maigizo, hapana. Wanitoe, lakini uongo sisaini."

Ofisi ililiandikia gazeti hili kwamba wafanyakazi wote wana mazingira rafiki. Tulipopiga simu kuomba kuonyeshwa chumba cha kulia, ilikatika. Tukapiga tena. Ikakatika tena.

Kwa siku tano Mama Pacha hakumsemesha mwenzake. Jana saa ya chakula alikuja na bakuli lake, akapindua ndoo, akakaa.

"Wanangu wale wadogo wameniuliza, mama, kwa nini usikae kwenye kiti?" anasimulia. "Nimelala na swali, nimeamka nalo."

Mkataba wake nao unaisha mwezi huu.

Mpango ulizaliwa hapo hapo chooni. Kesho Ijumaa, saa saba mchana, wasafishaji wote kumi na tisa watashuka na ndoo zao hadi ukumbi wa mapokezi. Watazipindua juu ya marumaru, watakula kwa dakika zao thelathini, watafuta walipokaa, watarudi kazini. Mama Kioo atairudisha karatasi bila sahihi. Nyuma ya karatasi ameandika ombi moja: chumba chenye mlango na viti kumi na tisa.

Na simu itarekodi. "Mikono na ndoo tu," Mama Kioo anamhakikishia mwenzake. "Safari hii nitakagua kila kona."

Mama Pacha anajitazama kwenye kioo, anashika nywele zake.

"Mimi usinikate kichwa. Nirekodi na uso, wanangu waone. Leo jioni naenda kusuka."