Miguu Yangu Nyuma ya Kaunta

Viatu vya mitumba vilipofurika, katambuga zangu, zile ndala za tairi, pale Kizota zikakosa wanunuzi, karakana ikakaribia kufungwa. Basi kila mteja akija kulipa namwongezea mikanda ya akiba, kisha namwapia, "Hata mimi navaa hizi hizi." Kaunta ilikuwa ya mbao, imenifika kifuani.

Siku moja mfanyabiashara wa Kondoa alitaka jozi za wachungaji wake wote. Nikaapa, akatoa pochi, mara mama mkwe akaingia, katoka Zuzu. Sasa mkwe humsalimii umejificha nyuma ya mbao. Nikatoka, nikainama.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, baba," akasema, akinitazama miguuni. "Kumbe vile viatu vya mtumba nilivyokuletea vimekuenea!"