Hatua Saba Hadi Stoo ya Viti

Niseme mwenyewe kabla hajanisemea mtu: ni kweli, mimi ndiye yule msichana aliyejifungia stoo ya viti katikati ya usaili, mbele ya balozi mstaafu, siku ambayo nusu ya soko la Malindi ilikuwa imeshatangaza kwamba Kadzo wa mama mitumba anakwenda kuwa mwanadiplomasia. Walionicheka wameshachoka, sasa zamu ni yangu.

Ufadhili wenyewe ulikuwa wa kuwaandaa vijana Weusi kwa kazi za mambo ya nje, wa huku kwetu na wa ng'ambo, mwaka mzima wa masomo na kisha mafunzo ya kazi ubalozini, ili siku moja (ndivyo tangazo lilivyosema, nililisoma mara mbili) waketi kwenye zile meza ambazo sisi huzungumzwa tukiwa hatupo. Maneno hayo yalinikaa kifuani wiki nzima. Nafasi ya pwani yetu ilikuwa moja. Tulioitwa usaili tulikuwa wanne, nikatuhesabu tena tukawa wanne vilevile, na umri wa mwisho wa kuomba ndio huo niliokuwa nao, kwa hivyo kwangu ilikuwa siku hiyo au basi tena.

Sasa, mnijue nilivyolelewa. Mamangu alikuwa akiuza mitumba, nami nimekulia chini ya meza yake, nikilala juu ya marobota yanayonuka dawa ya nondo, harufu ambayo mpaka leo nikiipata popote hunirudisha utotoni. Yeye ndiye aliyenifunza kupatana. Ukiitaka nguo usiitazame, tafuta doa hata kama halipo, na bei ikigoma kushuka, iweke nguo chini taratibu uondoke. "Hatua saba, mwanangu, na usigeuke. Mwenye kutaka kuuza hataiona ya saba, atakuwa ameshakuita." Nilikuwa nimezijaribu hatua hizo kwa wauza samaki, kwa madereva wa tuktuk, hata kwa mchumba mmoja wa Magarini (huyo hakuniita, na hilo peke yake lingetosha kunifunza).

Asubuhi hiyo Mama alinichagulia koti la buluu kutoka robota jipya, vifungo sita, nikavihesabu. Bi Zuhura, jirani yetu wa kibanda cha pili na mpinzani wetu wa kudumu, akaja kunikagua.

"Koti limekukaa, lakini mabega ni ya baharia."

"Na wewe maneno yako ni ya mke mwenza," Mama akamjibu, kisha akanishika mkono akaninong'oneza: "Usiseme ndiyo ya kwanza."

Ningemwachia maneno hayo sokoni, leo msingekuwa na la kusoma.

Usaili ulikuwa kwenye ukumbi wa hoteli. Madirisha matatu, milango miwili myeupe inayofanana kama mapacha, nikaihesabu mara mbili (kuuliza kila mmoja unatokea wapi, hilo halikunijia). Mezani walikuwa wawili, Mama Balozi mwenyewe, mtu mzima wa sauti ya chini, na kijana mwenye laptopu aliyeshika saa. Nikatoa shikamoo, akaitikia marahaba, akaniambia, "Wewe ni nchi ndogo yenye bandari nzuri. Mimi ni nchi kubwa, naitaka kwa kukodi. Tuna dakika kumi na tano, na ninachopima ni kama tutaondoka hapa na mkataba. Nataka miaka tisini na tisa."

"Tisini na tisa!" Nikacheka kicheko cha Mama, kile cha kumwonea mtu huruma. "Mheshimiwa, kwani unakodi au unazikwa?"

Kijana akainamia laptopu kuficha meno. Basi tukaanza, na wallahi mwanzo nilikuwa moto: tisini na tisa ikawa hamsini, hamsini ikawa thelathini, nikadai wafanyakazi wawe wetu akakubali, mwisho akasema, "Ishirini, na juu yake tutawajengea chuo cha mabaharia."

Hapo mtu mwenye akili timamu angesaini kwa kalamu iliyokuwa mkononi. Mimi nikasikia sauti ya Mama sikioni, nikaiweka kalamu chini taratibu, kama blauzi yenye doa. "Bandari hatukodishi," nikasema, nikainuka.

Moja, mbili, tatu. Ya nne nikasikia kiti kikilia, nikajua haya, naitwa, kumbe ni kijana anabadilisha mguu. Tano, sita. Ya saba mkono uko kwenye kitasa, sijaitwa, na kugeuka nimekatazwa. Nikafungua, nikaingia, nikafunga.

Giza. Viti vimepangwa juu ya viti mpaka darini. Huo haukuwa mlango nilioingilia.

Mngetoka, najua. Lakini kutoka ni kushusha bei! Nikasimama pale, nikaamua nchi yangu iendelee kususa.

"Ameingia stoo," nikamsikia kijana. "Nimwite?"

"Mwache," Balozi akamjibu. "Ni haki ya nchi huru."

Nikasogea nisikie vizuri, kifungo cha koti kikanasa kwenye mguu wa kiti, nikavuta, kiti kikavuta vingine, vikaja vyote kwa kelele za bati linaloezuliwa, vikaubana mlango kwa ndani. Ikabidi aitwe mfanyakazi wa hoteli, na wale wenzangu watatu waliokuwa wakingoja nje wakaja mbio kusaidia kusukuma. Nilitokea kwenye upenyo, ubavu kwanza, na vifungo vitano.

Mama Balozi akatazama saa. "Muda umekwisha, binti. Meli zetu zimekwenda kwa jirani."

Jirani alikuwa kijana mpole aliyeingia baada yangu, akafika kwenye ishirini, akasaini. Nafasi akaipata, na sina kinyongo naye, mabega yangu yakichomoka stoo ndiyo yaliyomwonyesha mlango wa kuepuka.

Nikarudi sokoni nikamweleza Mama yote. Hakucheka, alikunja nguo tu. Alasiri hiyohiyo namwona nani anakuja upande wetu na ndara miguuni? Mama Balozi. Nikajificha nyuma ya marobota (maficho ya pili kwa siku moja). Akaishika blauzi nyeupe, akaanza kupatana bei na Mama, Mama akagoma kushuka. Akaiweka chini, akaondoka. Moja, mbili, tatu.

"Dadangu! Rudi tuelewane!"

Alikuwa Mama. Miaka yote niliyolala chini ya ile meza sikuwahi kumsikia akimwita mtu.

Balozi akarudi, akalipa bei aliyoitaka yeye, akasema akitazama bega la koti la buluu lililochomoza nyuma ya marobota, "Mwambie binti yako bandari ilikuwa nzuri." Akaenda zake.

"Mama, mbona umemwita?"

"Miguu yake ilishakata kona ya kwa Zuhura. Huyo alikuwa na pa kwenda, mwanangu." Akanitazama mara ya kwanza tangu nirudi. "Wewe ulikuwa ukienda wapi?"

Umri wa kuomba tena ukanipita. Mama sasa yuko nyumbani Gede, miguu haimruhusu kusimama, nami ndiye niliye nyuma ya meza. Vijana wanaoitwa kwenye usaili ule huja kwangu kutafuta koti, nami huwaketisha kwanza juu ya robota, nikajifanya nchi kubwa tukapatana bandari, na nimeapa: mezani siinuki tena, wala simwinui mtoto wa mtu, bila kujua mlango unatokea wapi.

Lile la buluu bado limetundikwa, vifungo vitano. Wengi huuliza bei, nikawaambia haliuzwi, wakaondoka kwa mwendo ule ninaoujua. Nawahesabia hatua mpaka saba. Siwaiti.