Mmoja wa Mkate, Mmoja wa Basi

Basi la asubuhi kutoka Handeni likiingia stendi ya Korogwe, konda hushusha kwanza maboksi ya mikate ya mdogo wangu, ndipo abiria washuke. Huyaweka juu ya meza yangu, kwa sababu mdogo wangu amemwambia kwamba mimi ni dada yake na meza yangu ina kivuli. Meza hiyo ina mikate yangu pia, ninayoioka mwenyewe kwenye chumba nilichopanga nyuma ya stendi. Wateja wake wanakuja, wananiamkia vizuri, wanaisogeza mikate yangu pembeni ili wasome majina yao kwenye maboksi, wanachukua, wanaondoka.

"Dada, hii ndiyo ile ya kwenye video?" aliniuliza mama mmoja siku moja.

"Ndiyo yenyewe."

"Na hii yako?"

"Hii haina video."

Akacheka, akanunua mmoja. Nilijua amenunua kwa huruma, na mkate wa huruma unauma kuliko mkate uliolala bila mnunuzi.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba mikate hiyo ni ile ile. Ni ya mama yetu: tui la nazi, iliki, hamira, unga uliokandwa mpaka usishike mkono. Inaokwa kwenye sufuria nzito, moto kidogo chini, makaa mengi juu ya mfuniko. Mama alijifunza kuioka Mazinde, baba alipokuwa kibarua wa mkonge, na tulipohamia Handeni akawa anauza mlangoni. Mimi ndiye niliyekuwa napanga makaa juu ya mfuniko kwa koleo, nayasambaza hadi ukingoni ili mkate usiungue katikati. Mdogo wangu alikuwa bado anabebwa mgongoni.

Nilipomaliza kidato cha nne nikaondoka. Nimekaa Arusha, nimekaa Mererani, nimepika kwenye migahawa ya Morogoro na Dodoma. Kila mji nilioingia niliukumbuka ule nilioutoka. Nikiwa Dodoma nilitamani mvua za Arusha. Nikiwa Arusha nilikumbuka treni ya Mnyuzi, tulikokuwa tunakwenda kumtembelea shangazi, jinsi tulivyoisikia kabla haijaonekana. Handeni niliikumbuka kila siku, lakini sikurudi. Hata mwaka huu niliporudi nimeishia Korogwe, mwendo wa basi moja tu kutoka kwa mama, kama mtu aliyefika mlangoni akasita kubisha.

Video za mdogo wangu nilianza kuzitazama huko huko ugenini. Katika ile ya kwanza aliinua mfuniko, mvuke ukatoka, akaugonga mkate kwa kidole ili watu wasikie sauti yake. Ilikuwa fupi mno, ukikohoa imekwisha. Siku zile nilizipenda. Niliwaonyesha wenzangu jikoni, nikawaambia huyo ni mdogo wangu, na ile sufuria ninaifahamu hadi ilipobonyea.

Kisha akaweka ile ambayo anaongea. Alikuwa anakanda, mama amekaa nyuma yake anakuna nazi kwenye mbuzi, haongei, kwa sababu mama hapendi kabisa kuongea na simu inayomtazama. Mdogo wangu akasema, "Kazi hii nilifundishwa na mama. Tulikuwa wawili tu jikoni, mimi na yeye."

Niliirudia video ile mpaka chaji ikaisha. Wawili tu. Hakudanganya. Tangu aanze kukumbuka mambo, walikuwa wawili kweli. Lakini watu wengi wa Handeni na Korogwe waliitazama, na kila aliyeitazama alijua kwamba jikoni mwa mama yangu sijawahi kuwapo.

Aliyempa wateja wengi zaidi ni mtani wake. Jirani yetu pale Handeni ni mama wa Kisambaa kutoka Lushoto, anauza viazi na karoti. Sisi ni Wazigua, na Wasambaa ni watani wetu, kwa hiyo anaruhusiwa kututukana na kuchukua kitu chetu bila kuomba, na sisi haturuhusiwi kukasirika. Siku moja mdogo wangu akiwa anarekodi, mama yule alipita, akanyakua mkate kwenye sinia.

"Wazigua nyie, maji yenyewe mnanunua kwa dumu. Huu unga mmeukandia mate?"

"Bora yetu tunanunua," mdogo wangu akamjibu. "Nyie mnayo mtoni na bado mnaogopa kuoga."

Watu walicheka mtandaoni mpaka basi. Tangu hapo wakawa wanasubiri: leo Msambaa ataiba au hataiba? Wasambaa wa Mombo wakaagiza mikate ili wapate haki ya kuitukana. Wazigua wa Kang'ata wakaagiza ili kuitetea.

Nami nikajaribu. Pale stendi yupo dada wa Kisambaa anayeuza nyanya, nikamwomba aje anyakue mkate wangu huku nikirekodi, nikamfundisha hata maneno ya kusema. Akayasema kama mwanafunzi anayesoma ubaoni, akaushika mkate kwa vidole viwili, akasema asante. Hakuna aliyecheka. Dada yule alinirudishia mkate, akaniambia kwa upole, "Dada, mtani haombwi."

Nilijiona mgeni. Wazigua wote wanajua hilo, nami nililisahau huko nilikokuwa.

Ijumaa moja nikafunga meza, nikapanda basi kwenda Handeni. Nilikuwa na jambo moja tu: nimwambie mdogo wangu asahihishe. Aseme tulikuwa watatu. Nilijiambia kwamba akikataa, nitafungasha niende zangu, labda Singida, ambako sijawahi kukaa. Njiani nililipanga neno langu vizuri, nikalipunguza ukali, nikaliongeza tena.

Nikawakuta uani. Simu imesimamishwa juu ya ndoo, tayari inarekodi. Nikamwamkia mama, akanishika mkono wangu akaugeuza, kama anayetafuta alama za moto.

"Karibu dada," mdogo wangu akasema. "Pita huku nyuma, usizibe mwanga."

Nikapita nyuma. Niliukuta ule mfuniko una makaa yamelundikana katikati, na mikono yangu ikaenda yenyewe. Nikachukua koleo, nikaanza kuyasambaza ukingoni. Hapo ndipo yule mama wa viazi alipoingia, akanyakua mkate uliokuwa unapoa, macho kwangu.

"Huyu ndiye yule mkubwa?" akamuuliza mama. "Yule wa kupanda na kushuka? Kumbe ulizaa wawili kwa mpango: mmoja wa mkate, mmoja wa basi."

Mdogo wangu akacheka hadi akaegemea ukuta. Neno nililolipanga njia nzima halikuwa la mtani, na nilihisi machozi yananilenga, jambo ambalo mbele ya mtani ni aibu kuliko tusi lenyewe.

Aliyejibu ni mama. Aliacha kukuna nazi, akageuka, simu ikimtazama usoni.

"Weka mkate wangu chini, we mla viazi na maganda. Huyo wa basi ndiye aliyeshika koleo la kwanza nyumba hii. Mikate yote ya Mazinde na Handeni aliiivisha yeye, huyu mwingine nimembeba mgongoni ananikojolea."

"Basi mkojo ndio huo mliokandia unga," mama wa viazi akasema, akaondoka na mkate wake.

Sikumwambia mdogo wangu nililolijia. Halikuhitajika tena, mama alishalisema mbele ya simu. Nikala chakula cha mchana, nikarudi Korogwe nimejaa furaha ya ajabu, nikisubiri video.

Ilitoka kesho yake. Mfuniko, mvuke, mkono wangu na koleo, mama wa viazi na tusi lake, kicheko cha mdogo wangu. Mwisho. Jibu la mama halikuwapo.

Nikampigia. "Mbona umemkata mama?"

"Dada, ilikuwa ndefu. Ikizidi pale watu hawaangalii." Hakuwa na hila yoyote sautini, na hilo ndilo lililonikera. "Unaitaka yote? Nakutumia."

Akanitumia. Ipo kwenye simu yangu. Ile fupi ilizunguka mji mzima, na tangu hapo watu wa stendi wananiita Dada wa Basi. Wanakuja mezani kuniangalia, wanacheka, wengine wananunua mkate wangu. Nauza kuliko zamani, na ninaujua uchungu wa kuuza kwa jina ulilopewa kwenye video ya mwenzako.

Ningeweza kuiweka hewani ile ndefu. Watu wangejua. Siku nyingi nimeifungua, kidole kikakaribia, nikaifunga. Mdogo wangu anaye mama kila asubuhi, anao wateja, anaye hata mtani. Sauti ya mama inayotaja koleo la kwanza ni yangu, sitaki kuigawa kwa watu wa Mombo wanaokula huku wakitazama.

Wiki iliyopita nilinunua sufuria nzito, ya aina ile ile. Ni kubwa, haiingii kwenye begi lolote nililonalo, na konda aliponiona naivuta kuelekea chumbani aliniuliza kama nasafiri nayo.

"Hii haipandi basi," nikamwambia.

"Haya, Dada wa Basi," akasema, akaniwekea maboksi ya mdogo wangu mezani, juu ya mikate yangu.

Nikayashusha chini.